Jiwe la Waridi Lililopauka Dirishani kwa Shangazi

Mpendwa Shangazi Dama,

Shikamoo huko uliko. Tangu jana nakukumbuka sana, na mimi nikikukumbuka huanza na harufu ya sabuni na nguo zilizopigwa pasi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingia mlangoni kabla yako. Ulikuwa dobi wa hoteli na hukuona haya kulisema. Wengine pale mtaani Maweni wakiulizwa kazi yao walijibu tu, "Niko hotelini," wakanyamaza, ili mtu adhani wanakaa ofisini. Wewe ulisema wazi, "Mimi nafua mashuka ya Wataliano. Hakuna mgeni anayelala Malindi hii mpaka mimi nimeridhika na shuka lake."

Nilikuja kwako kutoka Jilore mwaka uliofuata ule wa njaa na unga wa manjano wa msaada, nikiwa na sanduku la bati na cheti cha darasa la saba. Baba aliniambia, "Nenda kwa shangazi yako akutafutie kazi, na ikiwezekana akutafutie na akili." Kazi uliipata kabla ya wiki kwisha, kwa mama mmoja aliyekuwa akiwauzia watalii vinyago, vikapu na shanga. Akili ulisema hiyo nitajitafutia mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kutunga shanga. Nyingi zilikuwa za plastiki na za kioo, lakini kulikuwa na kikopo kimoja kilichowekwa juu kabisa, cha shanga za mawe, na kila hizo zilipopungua nilitumwa kwa fundi kuchukua nyingine. Ndipo nilipomwona Mwadime. Wewe ulikuwa ukipenda kusema mimi ndiye niliyemfuata. Nilitumwa, Shangazi. Nilitumwa mara ya kwanza. Zile mara nyingine ndizo nilizojituma.

Alikaa nyuma ya soko, kwenye kibanda cha makuti, juu ya baiskeli isiyokwenda popote. Alikuwa ameifunga kwenye magogo na kuiunganisha na gurudumu la kunolea. Akikanyaga pedali, gurudumu linazunguka mbele yake, na maji yanadondoka juu yake kutoka kwenye kopo lililotobolewa. Jiwe aliligandisha kwa lakiri kwenye ncha ya kijiti, akalisogeza kwenye gurudumu taratibu, akilizungusha kama mtu anayechoma mahindi asitake yaungue. Alikuwa mweupe wa vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilidhani ni mzee. Aliponawa uso nikaona si mzee hata kidogo.

"Hizi ni za nini?" nilimwuliza, nikionyesha bonge lililokuwa chini, karibu na mguu wake. Lilikuwa la rangi ya ndani ya pera lililoiva.

"Hilo ni kwatzi," alisema. "Kwatzi ya waridi. Linatoka kwetu, milimani Taita. Mawe mengine ya vito hutoka vipande vidogo vyenye pembe zake. Hili linatoka mabonge, kama muhogo. Unachimba mpaka unachoka."

"Basi si la thamani."

Alicheka. "Thamani yake si ya kumfanya mtu awe tajiri. Thamani yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kulivaa."

Niliyapenda maneno hayo. Nilikwenda nayo mpaka nyumbani, na zile shanga nilizotumwa nikazisahau kwake.

Miezi michache baadaye akanipa kidani. Jiwe lenyewe lilikuwa na umbo la mbegu ya embe, dogo, limeng'arishwa mpaka ukiligusa unadhani limelowa. Ndani yake kulikuwa na utusitusi kama maziwa yaliyomwagika majini. Nililifunga kwenye leso nikaja nalo kwako, kwa sababu msichana wa kwetu haanzi kuvaa kitu cha mwanamume kabla shangazi yake hajakiona.

Ulikuwa unakuna nazi. Hukunyanyuka.

"Nani?" uliuliza.

"Ni fundi wa mawe, Shangazi."

"Mawe ya kujengea? Hao wako wengi."

"Mawe ya vito."

"Wa wapi?"

"Mtaita."

"Taita ni mbali."

"Ni hapo Voi tu, Shangazi."

"Hapo kwa nani?"

Ulifuta mikono, ukalichukua lile jiwe, ukalinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Nikakuona umelipenda. Usikatae. Uliligeuza mara nyingi mno kwa mtu asiyelipenda. Kisha ukasema, "Vizuri. Litakaa kwangu," ukaenda chumbani ukalitundika kwenye msumari dirishani, pale jua la asubuhi linapoingia na kukaa mpaka saa sita.

Nilipokuuliza kwa nini dirishani, ulinieleza kama unavyomweleza kibarua mpya. "Hotelini wakileta mapazia mapya, wakileta vitambaa vya meza, mimi sivipeleki mezani. Kwanza naanika. Rangi ya kweli hukaa. Rangi ya uongo hupauka. Mwanamume vilevile."

Basi tukaanika. Jiwe lilitundikwa kabla ya Krismasi, jua la kaskazi likalipiga kila siku, na mimi kila asubuhi nikipita na ndoo nalitazama. Siku baada ya siku huoni kitu. Ni kama mtoto anavyokua. Aliye karibu haoni. Mwadime naye alitambua kwamba yuko kwenye mtihani, ila hakujua ni mtihani gani. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akanywa chai yako yenye tangawizi mpaka machozi yakamtoka, na hakuthubutu kuomba maji.

Baba alikuwa amekuachia wewe uamuzi. Alisema, "Dada akikubali, nami nimekubali." Hivyo Jumamosi ile, mvua za kwanza zilipokuwa zimekwisha kunyesha, watu walikusanyika kwako Maweni. Mjomba wake Mwadime alitoka Taita na kofia ya sufu isiyofaa kwa joto la Malindi. Baba alitoka Jilore. Mtungi wa tembo la mnazi, ile kadzama ya kuombea mke, uliletwa ukawekwa katikati ya mkeka, na mimi nikawa jikoni nikijifanya napika huku sikio liko sebuleni.

Ulitoka chumbani umevaa leso mpya, jiwe liko mkononi.

"Kabla ya mtu kugusa mtungi," ulisema, "naomba kuuliza. Kijana, hili ni jiwe ulilompa mtoto wetu?"

"Ndilo, mama."

"Lilikuwa na rangi gani?"

"Ya waridi."

"Sasa lina rangi gani?"

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Shangazi, nilikuwa nimepita mbele yake kila siku, na sasa nikalitazama kwa macho yako. Lilikuwa limepauka. Uwaridi ulikuwa umebaki kidogo tu pembeni, pale kamba ilipokuwa ikilikinga. Kwingine lilikuwa jeupe kama maji ya mchele.

"Mimi ni dobi," ulisema, na sauti yako haikuwa ya hasira, ilikuwa ya huzuni, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kitu kilichotiwa rangi nakijua. Hiki ni kioo, kimetiwa rangi, na jua limekisema. Mtu akimpa mchumba wake uongo, atampa nini mkewe? Mzee wa Taita, karibu ule chakula, umetoka mbali. Lakini mtungi urudi nao."

Mjomba alivua kofia yake. Baba alitazama mnazi. Mimi niliona Malindi yote inazunguka kama lile gurudumu.

Mwadime alinyoosha mkono, ukampa jiwe. Alilitazama muda mrefu, akaligeuza, akalipeleka dirishani, akarudi nalo. Nikasubiri ajitetee. Nikasubiri aseme umelibadilisha, au umelichovya kwenye dawa za hotelini. Akasema, "Ni kweli limepauka, mama. Sikujua kama hupauka. Mawe yangu hukaa guniani, na yakitoka guniani huuzwa. Sijapata kuliona moja likakaa juani miezi yote hii. Lakini si kioo. Naomba nikuonyeshe."

"Onyesha," ulisema. Mtu mwenye haki ni wewe, Shangazi. Ulikuwa umekwisha hukumu, lakini uliketi ukasikiliza.

Aliomba chupa ya soda. Nikamletea, ile tupu iliyokuwa ikingoja kurudishwa dukani. Akashika jiwe kwa ncha yake, akakwaruza chupa, na sauti ile ilimfanya Baba aume meno. Mstari mweupe ukabaki kwenye chupa. Akakupa upitishe kidole. Kikakwama. Kisha akaomba kisu chako cha jikoni, akasema, "Jaribu wewe mwenyewe kulikwaruza jiwe." Ulikwaruza. Ulikwaruza kwa nguvu zako zote za kukamua mashuka. Kisu kikaacha alama ya kijivu, ukaifuta kwa leso, ikatoka. Jiwe lilikuwa vilevile.

"Kioo na kioo vinaweza kuumizana," alisema, "lakini kisu kizuri hukwaruza kioo. Hili kisu hakiliwezi. Sasa liweke shavuni."

Uliliweka shavuni. Chumba kizima kilikuwa na joto, watu watano na jiko.

"Ni baridi," ulisema.

"Lishike mkononi kidogo, kisha jaribu tena. Kioo kingekuwa kimeshapata joto lako. Hili huchelewa."

Ulijaribu tena. Nikakuona umelipeleka kwenye shavu la pili bila kuambiwa.

"Na ukilitazama ndani," alisema, "utaona nyufa ndogondogo na mawingu. Kioo kina vipovu vya hewa, mviringo, kama soda. Tafuta kipovu."

Ulitafuta. Mjomba akatafuta. Baba akatafuta, ingawa macho ya Baba hata herufi za kalenda hayakuwa yakiziona. Hakukuwa na kipovu.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Wewe ulisema, "Huyu fundi. Fundi ana mbinu nyingi kwa kitu cha kazi yake. Hata mimi naweza kumdanganya mtu doa limetoka." Ndipo Mwadime akatoa mfukoni vipande viwili vya jiwe lilelile, vibichi, havijang'arishwa, vya rangi kamili ya waridi, akasema, "Basi lipo jaribio moja la mwisho, na hili halitaki mbinu ya fundi. Utalifanya kwa mikono yako. Lakini tunahitaji giza."

Ilikuwa saa nane mchana. Tukaingia chumbani kwako sisi watano, nawe ukaziba dirisha kwa mablanketi mawili, ukatia leso chini ya mlango, ukafunga. Giza likawa giza. Nikasikia Baba akijigonga kwenye kitanda na kusema neno ambalo mzee wa kanisa hasemi.

"Tungoje," alisema Mwadime. "Macho yasahau jua kwanza."

Tukangoja. Zilisikika pumzi za mjomba. Na katika giza hilo ulisema, Shangazi, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwako. Ulisema, "Kaka, unaikumbuka pete ya Kazungu?"

"Mumeo?" Baba akajibu. "Naikumbuka. Dhahabu nzito."

"Haikuwa dhahabu. Mwezi wa tatu kidole kiligeuka kijani. Nilikuwa nakisugua kwa majivu kila asubuhi ili mama asione. Na pete ilipokuwa ya uongo, na mengine yakafuata: shamba halikuwa lake, na mke mwingine alikuwa Mambrui. Ndipo nikaja mjini kufua."

"Hukuniambia, dada."

"Ungefanya nini? Ungeenda kumpiga, na wewe hata jogoo huwezi kumshika."

Baba akacheka kwanza, gizani, kisha wewe, na mimi nilikuwa nalia lakini nikajikuta nacheka nanyi. Hapo nikajua kwamba miezi yote ile hukuwa unamwanika Mwadime dirishani kwa ukali. Ulikuwa unaniogopea.

"Sasa, mama," alisema Mwadime polepole. "Shika kipande hiki na hiki. Sugua moja juu ya kingine, kwa nguvu, kama unasugua kola."

Kola ulijua kuisugua. Nikasikia mkwaruzo wa kwanza, na pale gizani, kati ya mikono yako, mwanga ukawaka. Haukuwa cheche za kuruka. Ulikuwa mwanga ndani ya jiwe lenyewe, wa rangi ya makaa yanayokaribia kuzimika, na ulipoacha kusugua ukazimika, na uliposugua ukarudi. Niliona vidole vyako. Niliona mdomo wako umebaki wazi.

"Yesu wangu!" alisema Baba. "Dada, achia!"

"Siachii," ulisema, ukazidi kusugua.

Harufu ikatoka, kama ya kiberiti kilichowashwa chumba cha pili. Mjomba wa Taita, aliyekuwa amekaa kimya tangu afike, akasema kwa fahari kubwa, kama kwamba ni yeye aliyeyaumba, "Mawe ya kwetu hayo." Mwadime akaeleza kwamba jiwe hilo likibanwa na kusuguliwa hutoa mwanga lenyewe, hata ndani ya maji, kwamba watoto wa kwao huingia chini ya blanketi kuuchezea. Hukuwa unamsikiliza. Ulikuwa unasugua.

Tulipotoka sebuleni macho yetu yakiuma kwa mwanga, uliketi ukapanga leso yako vizuri. Sote tulikutazama.

"Jiwe ni jiwe," ulisema. "Hilo nimekubali. Lakini si hilo lililonishinda." Ukamgeukia Mwadime. "Wewe ulisema hukujua. Mbele ya mjombako, mbele ya wakwe, mtungi uko hapo, ukasema sikujua. Kazungu hakuna kitu ambacho hakukijua. Mwanamume anayeweza kusema sijui, mimi nitampata wapi tena? Kadzo! Wacha kushika mwiko kama bunduki, lete vikombe."

Vikombe nilivileta, Shangazi. Viwili nilivivunja njiani kwa furaha, na hukunigombeza.

Harusi ilifanyika Agosti, na nilivaa kidani kile kile kilichopauka, kwa sababu wewe ulikataa nipewe kingine. Ulisema jiwe hilo limekwisha kujaribiwa, lingine tutaanza upya.

Kisha ukawa muuzaji! Mimi nilidhani mambo ya mawe yameisha kwako siku ile, kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Wale mama wa Kitaliano waliokuwa wakija wenyewe chumba cha dobi kutafuta vifungo vyao vilivyopotea, walirudi vyumbani na vifungo na pia hereni za kwatzi. Mwadime alitengeneza shanga za mviringo, alizozitoboa kwa keekee yenye ncha nyembamba kwa subira ya kutisha. Alitengeneza vidani, mayai ya kushika mkononi, na mabonge makubwa yaliyong'arishwa upande mmoja, ya kuzuia karatasi zisipeperuke. Wewe uliuza kwa Kitaliano chako kile cha sabuni, maneno ishirini au thelathini, lakini uliyasema kwa mikono yote miwili. Na kila aliyenunua ulimshika kiwiko ukamwambia kwa ukali, "Niente sole, signora! Sole, no!" ukilinyooshea jua kidole kama unalishitaki, yaani asilianike juani. Wauzaji wengine pale ufukweni waliapa kwamba vitu vyao havina kasoro. Wewe ulianza na kasoro. Nao wakarudi kwako, mwaka baada ya mwaka, na wakaleta dada zao.

Wakakuambia kwao hilo ni jiwe la mapenzi, mtu akiliweka chini ya mto hupata mchumba. Uliliweka, nakumbuka, bonge zima, ukaamka shingo imekakamaa. "Kama hayo ndiyo mapenzi," ulisema, "nayakumbuka vizuri." Baada ya hapo bonge hilo ulilitumia kukingia mlango usigongwe na upepo, na siku za joto kali ukirudi kazini ulilala chali na kipande kingine kwenye paji la uso, ukisema hakuna feni inayolishinda.

Na ile siku ya nyota. Mwadime alikuwa amekata jiwe moja kwa umbo la nusu yai, bapa chini, mviringo juu, lililokuwa na utusitusi zaidi ya mengine. Alikimbia nalo kutoka sokoni mpaka Maweni, jambo ambalo hata nilipokuwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza hakulifanya. Siku ile alitembea. Akaliweka kwenye kiganja chako nje uani, akakuambia ulitazame jua likiwa nyuma yako. Juu ya jiwe palikuwa na nyota ya miali sita. Ukisogeza mkono, nyota inatembea. Alieleza kwamba ndani ya jiwe mna nyuzi nyembamba mno zilizolala kwa mpangilio, na mwanga ukizipata katika umbo hilo la mviringo ndiyo huchora nyota. Likikatwa bapa, huioni. Ulitembeza nyota ile kiganjani mpaka wali ukaungua. Mtaliano mmoja aliitaka. Ulimwambia imeuzwa. Kwa nani? "Kwangu," ulisema.

Ukaivaa, Shangazi, kwenye pete ya fedha, kidole kile kile. Kila mara ulipokwenda kufua uliivua ukaifunga kwenye pembe ya leso, na kila ulipomaliza ukaivaa tena, na sikukuona hata mara moja ukikisugua kidole kwa majivu.

Ulipoondoka, nywele zako zilikuwa zimekuwa nyeupe na wajukuu zangu walikuwa wanakuita Bibi Nyota. Hukuugua sana. Mwadime ndiye aliyesimama mlangoni kupokea watu wa matanga, na alipoulizwa na mgeni yeye ni nani wa marehemu, akajibu, "Mimi ni mtoto wake," akaacha hapo hapo. Bado anakaa kwenye mashine. Sasa ni ya umeme, ana miwani minene, na vumbi haliwezi tena kumzeesha kuliko alivyo. Mimi bado natunga. Kwa muda mrefu baada yako sikuweza kupita njia ya hotelini. Siku hizi napita, na nikiona mashuka kambani yamejaa upepo, nasimama kidogo nayasalimu.

Lakini nimekaa kukuandikia kwa sababu ya jana.

Karisa, ndugu yangu, ana binti, Furaha, ambaye hukumwona akiwa mkubwa. Ameleta mchumba, kijana wa Kuruwitu anayetengeneza majokofu ya mahoteli huko Watamu. Na Karisa, bila aibu, akaniambia maneno yale yale ya Baba: "Shangazi akikubali, nami nimekubali." Mimi! Nikajitazama kwenye kioo cha kabati na kujaribu kununa. Sikuweza. Wewe ulipewa uso wa kazi hiyo; mimi nilipewa mashavu tu.

Wakaja. Mtungi ukawekwa mkekani. Watu wote wakanitazama, na mimi nikawa sina swali hata moja. Mawe siwezi kumwuliza, majokofu siyajui. Mwishowe nikasema, "Kijana, mazuri ya Furaha tunayajua sisi tuliomlea. Niambie kitu kimoja kibaya ulichokiona kwake."

Kijana akafikiri kwa makini sana. Akasema, "Shangazi, anakoroma."

Karisa akaanza kuinuka. Baba wa kijana akafumba macho. Furaha akajifunika ushungi uso wote, na chini ya ushungi tukasikia sauti nyembamba, "Basi la kwaya! Waambie ni kwenye basi la kwaya!"

"Basini, Shangazi!" akasema kijana, jasho linamtoka. "Tulikwenda kuimba Mombasa. Kwaya nzima ilisikia. Padri alisikia!"

Shangazi, nilicheka mpaka nikashika mkeka. Karisa akacheka akiwa nusu amesimama nusu ameketi. Na nikiwa katika kicheko hicho niligeuka upande wangu wa kulia, kukutazama, ili uniambie, "Kadzo, lete vikombe."

Palikuwa na mto wa kuegemea tu. Nikangoja kidogo. Kisha nikasikia mtu akisema kwa sauti kubwa, "Furaha, toa huo ushungi usoni, lete vikombe!" na nilikuwa mimi.

Basi ndio hivyo, Shangazi. Tumekubali. Harusi ni baada ya mavuno ya korosho. Pumzika vizuri mpenzi wangu, na huko uliko usiwafulie watu. Waache nao wajifulie.

Ni mimi, binti ya kaka yako, ambaye sasa naye ni shangazi,

Kadzo